'Kupakua' data si kuziondoa: Neno moja laweza kutupotezea rekodi ya mto

VITENZI 'kuhifadhi' na 'kupakua' vimezoeleka mno katika mazungumzo ya teknolojia, hata ni nadra mtu kuvitilia shaka. Hata hivyo, kimoja kinaeleza sawasawa kinachotendeka ndani ya mashine, na kingine kinaweza kutupotosha.

Tuchukue mfano wa Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981 katika Mto Tana, mpakani mwa Machakos na Embu. Ndilo hupokea maji kabla ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yake yakipita mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, huanza kumwagika, na wakazi wa Garissa na Tana River hukaa macho.

Ili kukadiria maji yanayoingia, sharti mito ipimwe usiku na mchana. Zamani mtu alisoma kipimo kilichosimikwa mtoni na kuandika daftarini. Siku hizi kipo kinasa-data: kijisanduku chenye betri, saa na kumbukumbu, kilichounganishwa na kihisi kilichomo majini. Kikipima kila dakika 15, kitakuwa na vipimo 96 kwa siku, yaani 35,040 kwa mwaka. Vingine hutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Vingine husubiri fundi aje na kipakatalishi chake.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mwanafunzi wa chuoni aliyehifadhi sura ya Kurani huisoma mbele ya mwalimu wake, na bado sura hiyo haimtoki. Kinasa-data nacho ni vivyo hivyo: kikisomwa, kilichohifadhiwa hubaki. Lakini 'kupakua' ni kitenzi cha jikoni na bandarini. Ukipakua ugali, sufuria hubaki tupu. Ukipakua shehena, meli huwa nyepesi. Basi fundi mgeni akiambiwa "pakua data", si ajabu akadhani kazi haijaisha mpaka kifaa kiwe kitupu. Anafuta. Akifika ofisini anakuta faili aliyobeba haifunguki. Vipimo vya miezi mitatu vimekwenda!

Kinachotendeka hasa ni kunakili. Kufuta ni tendo jingine, nalo huja mwisho. Kwanza nakili. Pili, fungua faili palepale mtoni: tarehe ya kwanza na ya mwisho ni zipi? Vipimo vimetimia? Saa ya kifaa inafuata majira yetu au ya Greenwich, ambayo yako nyuma kwa saa tatu? Tatu, weka nakala nyingine mahali tofauti. Ndipo ufute, ikiwa kumbukumbu inahitaji nafasi. Wala usikawie mno kurudi, kwa kuwa kumbukumbu ikijaa, baadhi ya vifaa huacha kunasa na vingine huandika juu ya vipimo vya zamani.

Sisemi tukitupe kitenzi 'kupakua'. Kwa wimbo au picha kinatosha, maana ukiukosa leo utaupata kesho mtandaoni. Ila katika miongozo ya mafundi wa nyanjani, tuandike 'nakili', 'hakiki' na 'futa', kila tendo na jina lake. Maji yaliyokwisha kupita Masinga hayarudi kupimwa mara ya pili.