Herufi ya Mwisho Si Kina

Wanachama wengi wa chama chetu hucheza Wordle, ule mchezo wa simuni wa kubahatisha neno la Kiingereza lenye herufi 5 kwa majaribio 6. Josh Wardle aliutoa kwa umma mwaka 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likaununua. Kila aliyeucheza anaujua mtego wake mmoja. Unapata herufi nne za mwisho, "ight", unadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza: eight, fight, light, might, night, right, sight, tight. Maneno manane, urefu mmoja, mkia mmoja. Majaribio yanaweza kukuishia hujalipata lako.

Tunauleta mchezo huu gazetini kwa sababu muhula huu chama kinaandaa jioni ya mashairi, na tayari kuna mabishano. Baadhi ya wenzetu waliozaliwa hapa Uingereza wanasema shairi la vina na mizani si lao, kwa kuwa walijifunza kusoma kwa Kiingereza. Wengine wanataka maneno yenye asili ya Kiingereza yapigwe marufuku jioni hiyo. Sisi tunaona pande zote mbili zingesaidika kama tungeanza na swali dogo: je, maneno yenye urefu mmoja na herufi moja ya mwisho yana kina kimoja?

Jicho linasema ndiyo, sikio linakataa

Rudi kwenye yale maneno manane. Saba yanaishia kwa sauti moja, "ait". La nane, "eight", linatamkwa "eit". Herufi nne za mwisho ni zilezile, sauti siyo. Upande wa pili, "kite" na "white" hayana "ight" hata kidogo, wala hayaishii kwa herufi t, lakini yanaoana na "night" barabara.

Familia ya "ough" ndiyo inayotia fora. Chukua "bough", "cough", "dough", "rough" na "tough". Yote yana herufi 5, yote yanaishia kwa h, na hakuna hata moja ambamo h hiyo inasikika. Ukiyatamka unapata karibu na "bau", "kof", "dou", "raf" na "taf". Maneno matano, miisho minne.

Sababu ni ya kihistoria. Zamani Waingereza waliitamka "gh" ya "night" kwa kooni, karibu na "kh" tunayoijua katika "kheri". Wajerumani bado wanayo katika "Nacht" na "Licht", ndugu wa "night" na "light". William Caxton alipoleta mashine ya kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kutulia taratibu, lakini ndimi hazikutulia. Sauti ikapotea, au ikageuka f, na maandishi yakabaki vilevile. Herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza mara nyingi ni kumbukumbu ya matamshi ya watu waliokwisha kufa.

Kupanga maneno kwa mkia

Kuyapanga maneno kwa miisho yake hakukuanza na michezo ya simu. Neno letu "kamusi" linatoka katika jina la kitabu cha Kiarabu, al-Qamus al-Muhit, cha mwanachuoni al-Firuzabadi wa karne ya 14. Qamus maana yake ni bahari kuu. Katika kitabu hicho maneno yamepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi, si ya kwanza, na mpangilio wa namna hiyo unamfaa sana mshairi anayetafuta kina.

Mwaka 1775 John Walker alichapisha London kamusi ya Kiingereza iliyopangwa kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma. Lakini kwa Kiingereza mkia wa maandishi hautoshi, kwani utawaweka "cough" na "bough" nyumba moja, kisha "night" na "white" mbalimbali. Ndiyo maana kitabu chake kilihitaji pia faharasa ya vina vinavyokubalika.

Maneno yalipovuka maji

Sasa tazama yanavyokuwa maneno ya Kiingereza yakiingia katika Kiswahili. Tumechagua yenye herufi 4 tu, ili urefu usitusumbue.

Film, game, team, time: yanaishia kwa m, e, m, e. Kwetu ni filamu, gemu, timu, taimu. Kina ni "mu" pote.

Boot, coat, gate: yanaishia kwa t, t, e. Kwetu ni buti, koti, geti. Kina ni "ti".

Bank, cake, desk: k, e, k. Kwetu ni benki, keki, deski. Kina ni "ki".

Pump, soup, tape: p, p, e. Kwetu ni pampu, supu, tepu. Kina ni "pu".

Ile e isiyotamkwa katika "game" na "gate" haikupata hata viza. Maneno haya yalikopwa kwa sikio, na sikio lilisikia m na t. Kisha Kiswahili kikaongeza irabu, kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Konsonanti za midomoni, yaani p, b na m, mara nyingi zilipewa u, na nyingine nyingi zikapewa i. Maneno ya Kiarabu yalifuata njia hiyohiyo mapema zaidi: kitabu, hesabu, salamu.

Kuhusu urefu pia herufi hazina habari. "Strength" ina herufi 8 na silabi 1, "area" ina herufi 4 na silabi 3. Hata kwetu "ng'ombe" ni mizani 2 tu, wakati "aua" yenye herufi 3 ni mizani 3. Anayehesabu kwa jicho atakosea katika lugha zote mbili. Anayepiga makofi kwa kila silabi hatakosea.

Ili kulipima hilo tulitunga ubeti mmoja wa tarbia, mizani 8 kwa 8, vina vyote vikiwa vimetoka Kiingereza:

Jana tulicheza gemu, tukiwa ndani ya geti,
Ikashangiliwa timu, wachezaji na mabuti,
Ilipofika taimu, kila mmoja na koti,
Ilikuwa ni filamu, isiyotaka tiketi.

Hatudai kwamba ubeti huu utaingia katika diwani. Tunachodai ni kwamba sheria za vina na mizani, kama alivyozieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, zimetimizwa bila kubembelezwa. Wenzetu waliolelewa huku wanalo sikio hilo. Walilipata jikoni kwa mama na kwa bibi kabla hawajajua kuandika, na shairi linadai sikio kwanza.

Upande wa pili una hoja ya kweli pia. "Taimu" inapochukua nafasi ya "wakati" bila sababu, lugha haijatajirika, imebadilisha nguo tu. Lakini hiyo ni hoja ya uteuzi wa maneno, na dawa yake ni kuhariri. Mlango usifungwe kwa ajili yake, maana tukiyafukuza maneno yote ya mkopo, itabidi "shairi" lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, litangulie kutoka.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa jioni yetu. Kwanza, neno la Kiingereza likitaka kukaa mahali pa kina, lije limevaa irabu: "shati" karibu, "shirt" libaki nje. Pili, mizani ihesabiwe kwa sauti mbele ya mwenzako, si kwa karatasi. Tatu, palipo na neno letu zuri, litangulizwe.

Walimu wetu tunawaomba wawe waamuzi, na wawe wakali. Wanachama, hasa mliokuwa mnasema hamwezi, leteni beti tatu tatu. Kabla ya kuzileta, mzisome kwa sauti, macho mkiwa mmeyafumba.