Risasi Katika Vitafunio: Sumu Isiyoondolewa na Moto

Mwaka 2023, katika jimbo la North Carolina, Marekani, watoto wanne walikutwa na risasi nyingi katika damu. Uchunguzi ulielekeza kwenye rojo la matufaha lenye mdalasini, liitwalo WanaBana, lililouzwa katika vifuko vidogo. Mwishoni mwa Oktoba bidhaa hiyo ilitangazwa kurudishwa kutoka sokoni. Hata hivyo, Desemba vifuko vingine vilikuwa vingali madukani.

Matufaha hayakuwa na kosa. Mdalasini uliopimwa kiwandani nchini Ecuador ulikuwa na sehemu 2,270 hadi 5,110 za risasi kwa milioni, ilhali kikomo kilichokuwa kikifikiriwa kimataifa kilikuwa 2.5. Vijiti vizima vya mdalasini havikukutwa na risasi. Unga ndio uliokuwa nayo, pamoja na kromiamu. Dalili zilionyesha kromati ya risasi, chumvi ya manjano itumikayo katika rangi.

Je, kupika kusingeisaidia familia? La. Risasi ni elementi. Moto huua vijidudu na huvunja kampaundi nyingi, lakini hauwezi kuiangamiza atomu. Risasi haina harufu ya kumwonya mlaji, na mwili huipokea kana kwamba ni kalisi, ukaihifadhi katika mifupa. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi afyonzacho mtu mzima, nao ubongo wake ungali unajengeka. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kisicho na madhara.

Sasa tuitazame Izimbya, mkoani Kagera, msimu wa senene. Wadudu hawa huvutwa kwa mwanga wa taa, huteleza kwenye mabati na kutumbukia katika mapipa. Kisha huchambuliwa, hukaangwa na kuuzwa kwa kipimo cha bakuli. Ni chakula bora chenye protini nyingi, na hatuwatuhumu. Lakini huko Monterey, California, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliihusisha sumu ya risasi kwa watoto na panzi waliokaushwa, walioletwa kutoka Zimatlán, Mexico. Mdudu naye aweza kuibeba.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Kifuko cha dukani kina jina na namba ya toleo. Hivyo chaweza kutafutwa na kurudishwa. Bakuli la senene halina. Likishauzwa Bukoba, nani atajua lilitoka kwenye pipa gani? Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini Tanzania umo mikononi mwa Shirika la Viwango, lakini sheria haiwezi kurudisha kisicho na alama.

Basi kinga na ianze kwenye mtego: pipa lililowahi kubeba rangi lisitumiwe, senene wasianikwe penye betri chakavu wala kando ya ukuta unaobambuka rangi, na muuzaji aandike mahali na tarehe ya mavuno. Mwanafunzi awezaye kuifuata njia ya kitafunio chake, tangu kilipopatikana hadi mdomoni, amekwisha kuianza kazi ya mwanasayansi.