Tumbo Kubwa Si Mali

Ndugu, wengine husema tumbo kubwa ni alama ya mali. Sivyo. Mafuta mengi mwilini huleta ugonjwa wa sukari na damu kupanda, tena huchosha moyo na magoti.

Mlimaji hutumia nguvu ya chakula chake shambani. Wewe unaketi katika biro siku nzima, lakini unakula bukari sawa naye.

Ujipime. Mtu wa meta 1,70 akipita kilo 72, uzito wake umezidi. Akipita 87, ni ugonjwa.

Basi punguza bukari na mafuta ya mawese, ongeza mboga, kunywa maji pahali pa limonadi, tembea dakika 30 kila siku. Usingoje maumivu ndipo umwone munganga: damu ikipanda, mara nyingi haiumi.