Pampu ya Nyumbani Buluk Imekufa: Uulize Nini Kabla ya Kutuma Pesa?

Mwezi huu tunaongea juu ya maji, lakini si ya hapa kambini. Ni maji ya kule nyumbani.

Kama una ndugu Juba, labda simu hii unaijua: "Shemeji, pampu ya uwanjani imekufa. Fundi anasema inunuliwe mpya. Tuma pesa." Uko mbali, pampu huioni, fundi humjui. Utafanyaje? Ukikataa, watoto watakunywa maji gani? Ukituma, je, kweli shida ilikuwa pampu yote, au ni kampira kadogo tu?

Tuchukue mfano wa Buluk, pale katikati ya Juba, karibu na makao makuu ya polisi. Mto Nile unapita upande wa mashariki wa mji, lakini maji ya mifereji hayafiki kila nyumba. Watu wengi hununua maji ya lori la tangi, yanayovutwa mtoni, au jerikeni zinazoletwa kwa baiskeli. Kwa hiyo kisima kikifa, pesa ya chakula inaenda kwa maji. Na maji yasiyotibiwa ni hatari. Kipindupindu kilitangazwa Juba mwaka 2014, kikarudi 2015 na tena 2016. Mwaka 2024 mlipuko mwingine ulitangazwa kuanzia Renk, ukaenea nchini.

Kwanza ujue ni pampu gani

Pampu ya mkono iliyo nyingi Sudan Kusini ni India Mark II. Ilitengenezwa India miaka ya 1970, UNICEF ikisaidia. Ina mkono mrefu wa chuma, na ndani ya kichwa kuna mnyororo. Chini kisimani kuna mabomba, fimbo za chuma, na silinda yenye pistoni na vali. Ubaya wake ni kwamba kufikia silinda lazima mabomba yote yatolewe, kazi ya watu kadhaa na vifaa maalum.

Nyingine ni Afridev, iliyojaribiwa sana Kwale, pwani ya Kenya, miaka ya 1980. Hii mabomba yake ni ya plastiki, na pistoni inavutwa juu bila kuyatoa mabomba. Spana moja inafanya karibu kazi yote.

Aina ya tatu ni pampu ya umeme inayozama kisimani, ya jenereta au ya sola.

Pampu ya mkono inaongea, uisikilize

Mwambie aliyeko nyumbani afanye majaribio haya kabla fundi hajagusa kitu.

1. Aache pampu ipumzike nusu saa, halafu apige mkono akihesabu. Maji yakichelewa kupita mara tano, vali ya chini inavuja au bomba lina tobo.

2. Ajaze jerikeni ya lita 20 akiangalia saa. India Mark II nzuri inaijaza kwa dakika moja na nusu hivi. Ikifika dakika tatu, mara nyingi ni mipira ya pistoni imelika. Ni kitu kidogo!

3. Mkono umekuwa mwepesi ghafla na maji hakuna? Fimbo imekatika au imefunguka. Hapo pampu haijafa.

4. Mkono unapiga kelele na kuyumba? Ni mnyororo bila grisi, au beringi zimechoka.

5. Maji ya asubuhi ni mekundu na yana ladha ya chuma? Inawezekana mabomba ya chuma yanaliwa na kutu. Ukiyabadilisha kwa chuma kilekile, shida itarudi. Uliza kama ya plastiki au chuma kisichoshika kutu yanapatikana.

6. Yanatoka maji ya matope? Basi tatizo laweza kuwa kisima chenyewe, na pampu mpya haitasaidia kitu.

Kama ni ya umeme

Usikubali neno "mota imeungua" haraka. Kwanza waangalie swichi kuu, waya, na kile kisanduku cha kuwashia pale juu. Umeme dhaifu wa jenereta pia unaizuia mota. Fundi apime mota kwa mita, mbele ya mtu wa nyumbani. Kama imeungua kweli, uliza kwa nini. Sababu moja kubwa ni pampu kuendelea kuzunguka wakati maji yamepungua. Bila kifaa cha kuizima maji yakiisha, hata mpya itaungua hivyohivyo. Na kabla ya kununua, wapime upana wa kisima, kina chake, na maji yanaanzia wapi. Pampu ining'inizwe kwa kamba imara, mita chache juu ya sakafu ya kisima, isivute mchanga.

Pesa yako, macho yao

Mabomba ya India Mark II yana urefu wa mita 3 kila moja. Kwa hiyo pampu iliyoshuka mita 30 ina mabomba 10. Yahesabiwe yakitoka, yahesabiwe yakirudi. Vipuri vya zamani vilazwe chini vipigwe picha, visiende na fundi. Uliza bei kwa maduka mawili. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya jaribio la jerikeni. Fundi mwaminifu hatakasirika kwa haya.

Usisahau kuua vijidudu

Kisima kikifunguliwa, uchafu unaingia. Kisima chenye upana wa sentimita 15 kina lita 18 hivi kwa kila mita ya maji. Kama maji ni mita 30, gramu 40 za klorini ya unga ya asilimia 70 zinatosha. Ikorogwe kwa maji ndani ya ndoo kwanza, imwagwe kisimani, ikae usiku mzima. Kesho yake wapige pampu, maji yamwagwe mbali mpaka harufu iishe. Wakati huo mtu asinywe! Klorini hii haitoshi kama choo kiko karibu na kisima. Umbali unaoshauriwa ni mita 30 au zaidi.

Bomba la nani?

Hapa kambini bomba likiharibika tunaenda kulalamika kwa ofisi, na mafundi wanakuja. Nyumbani ofisi ni wewe. Na pampu ya uwanjani mara nyingi inakuwa ya mtaa wote. Viwango vya misaada vinasema pampu moja ya mkono isizidi watu 500. Jirani akichota, aweke kidogo kila mwezi kwa mfuko wa vipuri, na daftari lionekane na wote. Kila mwezi nati zikazwe, mnyororo upakwe grisi, na sakafu ya saruji izibwe nyufa. Mfundisheni mtu wa nyumbani, mama au kijana yeyote, hiyo kazi si ya wanaume peke yao.

Hata ninyi mnaofikiria kurudi siku moja, anzeni kujifunza sasa. Ukiona mafundi wanafungua bomba hapa kambini, sogea karibu, uliza maswali, omba kushika spana. Ujuzi hauhitaji gari la kubeba mizigo.

Kata ukurasa huu uuweke. Siku simu ikilia, uwasomee.