Papa Akiwa Angali na Sauti

Huku kwetu Kasugho, nyumba nyingi zinaishi kwa mikono ya mtu mmoja anayeshuka shimoni. Siku mikono hiyo inaposhindwa hata kushika kikombe, mama anabaki na kazi tatu: kuuguza bwana, kulea watoto na kutafuta bugali. Usiku anageuza mgonjwa, asubuhi anavalisha wa masomo, mchana yuko shambani na mdogo mgongoni.

Mara nyingi inaanza na kikohozi. Vumbi la mawe ya kuchimba na kutwanga linaingia mapafuni na kubaki mule. Ugonjwa huo, silikozi, hauna dawa ya kuuponyesha. Lakini TB, inayopenda mapafu yaliyoharibiwa na vumbi, inapona, na dawa zake ni za bure. Basi tusiseme "huyu ni wa kufa tu" kabla makohozi hayajapimwa. Ikiwa ni TB, watoto nao wapimwe, zaidi wale wa chini ya miaka 5.

Na kama muganga amesema hakuna kupona? Kazi haijaisha.

Kwanza, maumivu. Ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Kule mgonjwa anakunywa morfini ya maji akiwa nyumbani kwake. Mama, uliza muganga wako wazi wazi: dawa gani itamtulizia maumivu? Mtu aliyetulia anaweza kulala, na anaweza kuongea.

Pili, watoto. Wanaona yote. Ukiwaambia "Papa amechoka tu", wanaogopa peke yao, na wengine wanafikiri ni kosa lao. Waambie kwa maneno mafupi: "Papa anagonjwa sana, baganga habawezi kumuponyesha. Haiko kosa yenu. Mimi niko." Wape kazi ndogo, kama kumuletea maji au kumusomea daftari.

Tatu, mambo ya nyumba. Nani ana deni lake? Sehemu yake kwa shimo ni ipi? Shamba linapakana na nani? Aseme mbele ya ndugu zake na ndugu zako, iandikwe. Ndoa ya mila iandikishwe kwa état civil, na watoto vilevile. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaweka mjane na watoto kati ya warithi, lakini bila karatasi utazungushwa sana.

Nanyi majirani, msiulize "tukusaidie nini?" Leteni kuni. Chukueni watoto mchana mmoja, mama alale. Wachimbaji wenzake, pelekeni sehemu yake nyumbani leo, aione kwa macho yake. Msingoje kilio.