Mfereji Katika Njia ya Gari: Tafuta Kwanza Pa Kutokea Maji

Likasi ni mji wa vilima, na mwenye kiwanja kilicho chini ya barabara hupokea hata maji ya wenzake. Mvua za Novemba zikianza, maji huteremka juu ya zege la njia ya gari, yakaingia gereji na kulowesha msingi. Dawa ni mfereji unaokatiza njia hiyo mbele ya mlango, wenye kifuniko cha wavu. Unaweza kuchimbwa hata kama zege ni la zamani, ila usikate kabla hujajua maji yataishia wapi.

Anza na hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Njia ya mita 4 kwa 15 ikipigwa na mvua ya milimita 60 kwa saa, hushusha lita 3,600, yaani lita 1 kila sekunde. Paa likimwaga hapo hapo, ongeza eneo lake. Mfereji wenye upana na kina cha sentimita 10 hadi 15 hutosha, mradi ushuke sentimita 1 kwa kila mita.

Kanivo (mtaro) la barabara likiwa chini kuliko mfereji wako, peleka maji huko kwa bomba. La sivyo, chimba shimo la mawe umbali wa mita 5 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na kisima na choo. Lijaribu kwa maji: yakilala humo hadi kesho yake, udongo haunyonyi, tafuta njia nyingine. Usiyaelekeze kwa jirani. Maji yaliyokusanywa pamoja huchimba korongo upesi.

Kabla ya kukata, hakikisha hapana bomba la maji wala waya wa umeme chini. Kata mistari miwili kwa disiki ya almasi huku ukimwagia maji, na uvae barakoa, kwani vumbi la zege huharibu mapafu. Acha nafasi ya sentimita 10 kila upande na chini ya mfereji kwa ajili ya zege jipya: saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Vuta uzi ili wavu ukae milimita 3 hadi 5 chini ya uso wa zege la zamani. Ukipanda juu, maji yataupita pembeni. Wavu ubaki mahali pake zege linapokauka, kuta zisije zikabanwa. Limwagilie siku 7, gari lisipite.

Mwishoni mwa mfereji weka kisanduku cha kunasa mchanga, ukisafishe mara kwa mara wakati wa mvua.

Kazi hii ifanywe kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Na kabla ya kumlipa fundi salio lake, mwaga ndoo kadhaa za maji mbele yake: yakituama, kazi haijaisha.