Mtamba, Koo na Dang'a: Msamiati wa Uzazi wa Ng'ombe katika Mashamba ya Trans Nzoia

Utangulizi

Mji wa Kitale, pamoja na mitaa yake kama vile Tuwan, umezungukwa na mashamba makubwa yaliyoanzishwa na walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Mnamo mwaka 1965, Serikali ya Kenya iliunda Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), ambalo lilikabidhiwa baadhi ya mashamba hayo pamoja na jukumu la kuhifadhi mbegu bora za mifugo. Katika eneo hili huishi Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana na wengineo, na lugha inayowakutanisha zizini ni Kiswahili. Makala haya yanafafanua kipindi cha kuzaa kwa ng'ombe kwa kuzingatia msamiati wake, na kuonyesha kwamba usahihi wa neno moja waweza kuamua uhai wa ndama.

Majira ya kuzaa

Mvua za Trans Nzoia huanza mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa siku 280 hivi. Kwa hiyo, anayepandwa katikati ya Julai hutarajiwa kuzaa Aprili, nyasi zinapochipua. Wafugaji wa ng'ombe wa nyama hupendelea mpango huu. Wale wa maziwa, kwa upande wao, hutawanya uzazi mwaka mzima ili maziwa yasikatike. Hata hivyo, mvua ina gharama yake: baridi na matope humdhoofisha ndama, nao kupe waenezao ndigana kali huongezeka.

Majina na maana yake

Ng'ombe jike ambaye hajazaa huitwa mtamba. Akishazaa, huwa koo. Ndama dume akikua huwa fahali, na akihasiwa huitwa maksai. Majina haya si mapambo ya lugha. Mchungaji akiarifiwa kwamba anayekaribia kuzaa ni mtamba, anatambua kuwa nyonga zake hazijawahi kupitisha ndama, na kwamba anahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko koo.

Dalili za uchungu ni kujaa kwa kiwele, kulegea kwa kano za pande mbili za shina la mkia, na mnyama kujitenga na wenzake. Baada ya chupa kupasuka, zinazotarajiwa kutangulia ni kwato mbili za miguu ya mbele, huku pua ikiwa imelala juu yake. Ukitokeza mguu mmoja tu, au mkia, daktari wa mifugo aitwe mara moja. Kondo la nyuma nalo aghalabu hutoka katika muda wa saa 12. Likikaa zaidi ya saa 24, halifai kuvutwa kwa mikono. Hiyo ni kazi ya daktari.

Dang'a

Ndama akishadondoka, ute hufutwa puani, mamaye huachwa amlambe, na kitovu huchovywa katika iodini. Kisha hufuata jambo lililo kubwa kuliko yote: dang'a, yaani maziwa mazito ya rangi ya manjano yatokayo mara tu baada ya kuzaa.

Kondo la nyuma la ng'ombe haliruhusu kingamwili kupita kutoka kwa mama hadi kwa kilichomo tumboni. Kwa sababu hiyo, ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote. Kinga yake imo katika dang'a. Utumbo wake huweza kufyonza kingamwili hizo vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo, na baada ya saa 24 hivi mlango huo hufungika. Ndama wa kilo 40 anahitaji takriban lita 4 katika saa hizo za mwanzo. Wapo wafugaji wanaoyamwaga maziwa haya kwa kuyadhania machafu, na wiki chache baadaye ndama hufa kwa kuhara au kwa homa ya mapafu.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mara nyingi ushauri hutolewa kwa neno la Kiingereza, au kwa maelezo "maziwa ya kwanza". Maelezo hayo yana utata, kwani mkamuaji anaweza kuyaelewa kuwa ni maziwa ya alfajiri, ya ng'ombe yeyote. Neno dang'a halina utata huo: ni maziwa ya aliyezaa sasa hivi, wala si mengine.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba Kiswahili kina istilahi za kutosha kumwongoza mfugaji kutoka mimba hadi ndama kusimama. Upungufu uko katika matumizi. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi ya kuyakusanya maneno haya zizini, kuyalinganisha na yale ya Kibukusu na Kisabaoti, na kushirikiana na maafisa wa mifugo katika kuandaa vijitabu vya mafunzo. Kazi hiyo ikifanyika, mkamuaji ataambiwa neno analolielewa kabla saa sita za ndama hazijapita.